Ndoo ya Fisi

Fisi alipomng'ata Virginia mkono wa kulia, mimi nilikuwa nikivaa buti zangu za mpira ofisini, hatua zisizozidi hamsini kutoka pale. Ilikuwa Jumanne, saa kumi na mbili unusu asubuhi, na mwanga ulikuwa umekwisha kugusa mabati ya kichinjio chetu huko Dagoretti. Nilisikia mwanamke akipiga ukelele. Akaanza wa pili, lakini huo ulikatika katikati.

Nilipofika nyuma ya ua, penye korongo, niliona wanyama watatu. Wawili walisimama kando kama watu wanaongoja zamu. Wa tatu alikuwa ameuuma mkono wa Virginia juu kidogo ya kiwiko, naye alirudi kinyumenyume akimburura matopeni pamoja na beseni lake la matumbo. Virginia alikuwa ameikumbatia nguzo ya ua kwa mkono wa kushoto, hataki kuiachilia. Mume wake, Kibe, mchinjaji wa ng'ombe, alitupita sote akiwa na shoka la kupasulia mifupa. Alimpiga yule fisi mgongoni mara mbili, na mara ya tatu akampiga kichwani. Mnyama alikufa meno yakiwa bado yamefungana, ikatubidi kuyapanua kwa chuma cha kunolea visu. Mkono uliotoka pale haukuwa tena na umbo la mkono.

Damu haikunitisha, kwa maana nimeiona maisha yangu yote. Kilichonitisha ni kwamba wale fisi wawili hawakukimbia. Walimtazama Kibe, kisha mmoja wao akageuza kichwa, akaiangalia ndoo ya bluu iliyoangikwa mlangoni mwa banda la ngozi, akapiga hatua kuiendea. Mpaka wanaume walipoanza kurusha mawe ndipo waliposhuka korongoni, tena polepole.

Wengine hawakuelewa walichokiona. Mimi nilielewa, nami nikanyamaza.

Jina langu ni Gerishon Mwaura. Kwa miaka thelathini na mmoja nilikuwa mkaguzi wa nyama, na ingawa sikusomea udaktari, wachinjaji wangali wananiita Daktari, kama wanavyomwita kila mkaguzi. Nilipostaafu walinichagua kuwa mwenyekiti wa kamati ya kichinjio, wakanikabidhi ufunguo wa shimo. Shimo hilo ndilo kaburi la nyama iliyokataliwa: maini yenye minyoo, mapafu yaliyooza, ng'ombe aliyekufa kabla ya kisu kumfikia. Sheria yataka nyama hiyo ikatwekatwe, imwagiwe dawa, ifukiwe siku hiyo hiyo. Niliwahi kumshtaki mzee mwenzangu wa kanisa kwa sababu ya figo mbili.

Mwezi wa Februari walikuja wanafunzi kumi na wawili kutoka Denmark, vijana waliojitolea kutumia likizo yao kuwahesabu fisi wa msitu wa Ngong. Walikaa katika nyumba kubwa huko Karen, na kila asubuhi walitawanyika msituni kufunga kamera ndogo kwenye miti. Kwa wiki tatu kamera zile hazikupata kitu ila mbwa koko na watu wanaokata kuni. Kiongozi wao, Bwana Holm, aliniomba tukutane katika mkahawa mmoja wa Westlands, akaniagizia chai.

"Vijana hawa wamevuka bahari, Mzee Mwaura," aliniambia. "Wakirudi kwao bila kumwona hata fisi mmoja, mwakani hatakuja mtu. Tunaomba vipande vichache tu vya ile nyama mnayoitupa. Viwekwe mahali pamoja, saa ileile, mbele ya kamera."

"Nyama hiyo hufukiwa," nikamjibu. "Hiyo ndiyo sheria."

Hakubishana nami. Alikoroga chai yake, kisha, kana kwamba ni jambo jingine kabisa, akaniuliza habari za Ciru, mjukuu wangu. Ciru anasomea uhifadhi wa wanyamapori katika chuo kimoja cha katikati ya jiji. Alikuwa ameomba nafasi tano za kujitolea ng'ambo, zote akakataliwa, na kila barua ya kumkataa alikuja kunisomea mezani kwangu kwa sauti isiyotetemeka. Bwana Holm akasema kwamba mwezi wa Juni kungekuwa na msafara wa wanafunzi kwenda kaskazini mwa Norwe kuwahesabu ndege wa baharini, na kwamba nafasi moja ilikuwa bado haina jina.

Akanisogezea karatasi ya makubaliano, nami nikaitia sahihi kabla chai haijapoa.

Kesho yake nilimwita Were, mwosha sakafu wa kichinjio, mtu mpole kutoka Busia, nikampa ufunguo wa shimo. Nilimwagiza ajaze ndoo moja ya nyama iliyokataliwa kila alfajiri, aimwage korongoni mbele ya kamera, na agonge ndoo kwa jiwe mara tatu, kama walivyotaka wale wanafunzi. Hakuniuliza sababu. Alisema, "Sawa, Mzee," akaufunga ufunguo katika ncha ya leso yake.

Fisi walikuja siku ya nne. Siku ya kumi walikuwa wakimngoja. Mmoja wa wanafunzi, msichana aitwaye Signe, mwenye miaka ishirini na mmoja, alimpiga Were picha alfajiri akiwa amesimama na ndoo yake katikati ya fisi watano, uso umetulia kama wa mtu anayewalisha kuku. Aliitengeneza picha hiyo katika fremu ya mbao, akamletea Were zawadi. Mkewe, Selpher, ana kibanda cha chai mbele ya kichinjio, wanakokunywa wachinjaji wote. Aliitundika ukutani, kati ya kalenda na picha ya harusi yao.

Nilikuwapo asubuhi ile ya kwanza.

"Baba Fisi! Niaje?" Kibe alipaza sauti, kikombe mkononi. "Watoto wameamkaje?"

"Wameamka poa," Were akajibu. "Yule mkubwa amekuulizia. Anasema uko na nyama mingi shingoni."

"Mwambie hii shingo ni ya Virginia, ashaiandikisha."

Kibanda kizima kilicheka. Virginia alimpiga mumewe begani kwa kitambaa cha meza. Hata mimi nilitabasamu, nikamaliza chai yangu, nikaenda kazini nikiwa na amani.

Siku ile ya Jumanne tulimpeleka Virginia hospitali moja ya jijini. Kibe alimpakata mkewe njia nzima, na damu ilijaa sakafu ya gari mpaka ikawa inasogea tulipopiga kona. Saa tatu daktari wa upasuaji alitoka akatuambia kwamba mkono ungekatwa begani. Kibe aliuliza swali moja tu: utakatwa wote? Alipojibiwa, alisimama akatoka nje. Nilidhani amekwenda kulia.

Ciru alifika kwa miguu kutoka chuoni akihema, simu mkononi.

"Guka," akaniita, kama Wakikuyu wanavyomwita babu, "tazama."

Ilikuwa ile picha. Mtu alikuwa ameipiga ukutani kwa Selpher akaisambaza, na chini yake watu walikuwa wakiandika. Were anafuga fisi. Kwao watu hufuga chui na fisi, huwatuma usiku. Nani alimwona fisi akimng'ata Were? Mbona hawamli yeye? Mmoja alikuwa ameandika kwamba tairi lilikuwa tayari, kinachongojwa ni Kibe arudi.

"Huu ni upuuzi," nikasema.

"Najua ni upuuzi. Lakini Guka, si wewe ndiye uliyemtuma?"

Ciru alinitazama, nami nikayatazama matone ya damu kwenye buti zangu. Nakiri nilichowaza. Niliwaza kwamba polisi wangefika mapema. Niliwaza pia kwamba nikisema neno, Bwana Holm ataikana sahihi yangu, na ile nafasi ya Norwe itapewa jina la mtu mwingine. Nilikuwa bado nawaza hayo simu yangu ilipolia.

"Mzee." Ilikuwa sauti ya Selpher, na nyuma yake vishindo vya mabati. "Mzee, wamevunja mlango. Wanamtoa. Were anasema nikuulize wewe. Anasema wewe unajua."

Tulipata teksi. Njiani Ciru alimpigia simu huko Karen Signe, waliyekuwa wamepeana namba naye. Msichana huyo alimwambia kwamba Bwana Holm alikuwa amefunga lango na kuwakataza wote kutoka, na kwamba mifuko ilikuwa ikipakiwa magarini. Kisha akasema, "Niko na daftari," simu ikakatika. Baadaye tulijua kwamba aliruka ua wa miiba, akasimamisha pikipiki, akafika kabla yetu.

Tulikuta watu wapatao mia mbili mbele ya kichinjio. Kibanda cha Selpher kilikuwa kimelazwa chini, maziwa yanatiririka katika vumbi. Were alikuwa amepigishwa magoti kando ya gogo la kupasulia mifupa. Walikuwa wamempiga kwa mabomba ya chuma. Jicho lake la kushoto halikuonekana tena, lilikuwa limezama ndani ya nyama iliyovimba, na sikio lilining'inia. Shingoni alivishwa tairi la gari. Harufu ya petroli ilinifikia kabla sijafungua mlango wa teksi.

Signe alikuwa amekaa chini karibu naye, mdomo umepasuka kwa jiwe, akiitema damu na kurudia Kiswahili chake cha mwezi mmoja. "Ni sisi. Si yeye. Ni sisi."

"Huyu naye amerogwa!" mtu akapiga kelele.

"Mtoeni huyo mtoto wa watu, asiungue!"

Kijana mmoja alimkamata nywele akamburura pembeni. Ciru alimrukia, akapigwa teke la tumbo, akaanguka juu ya Signe, akamfunika kwa mwili wake. Nilitamani kwenda kumwinua mjukuu wangu. Sikwenda. Kibe alikuwa amekwisha kushika kiberiti.

Niliwapasua watu kwa viwiko mpaka nikafika mbele. Nikalivuta lile tairi kutoka shingoni mwa Were, na petroli ikanimwagikia mikononi.

"Daktari, toka hapo," Kibe akasema. Shati lake lilikuwa limekauka damu ya mkewe. "Nakuheshimu. Toka."

"Were hafugi fisi. Mimi ndiye niliyemwamuru awalishe. Ile nyama ni ya shimo. Ufunguo nilimpa mimi."

Wakaanza kucheka.

"Mzee anataka kumwokoa tu!"

"Daktari kuuza nyama ya shimo? Huyu mtu alitufunga kwa sababu ya figo!"

"Ana huruma ya kanisa, huyo. Msimsikize."

Hapo nilionja malipo ya sifa yangu. Nilikuwa nimesema kweli, na watu walioniamini maishani mwao mwote hawakuniamini kwa sababu hiyo hiyo. Jiwe lilinipiga kwenye paji la uso. Mtu mwingine alimrudishia Were lile tairi.

"Kama si uchawi," Kibe akasema, akimnyoshea Were kiberiti, "mbona wanamjua yeye? Mbona wanakuja akiwaita?"

"Wanaijua ndoo," nikamjibu. "Yeye hawamjui. Lete ndoo hiyo, nigonge mimi. Wasipokuja, utuchome sote wawili."

Sijui kwa nini walikubali. Labda kila mtu alitaka kuona. Waliniletea ile ndoo ya bluu, wakanisukuma mpaka ukingoni mwa korongo, na Were wakamburura nyuma yangu kwa lile tairi. Ilikuwa karibu saa tano, jua limepanda, majani ya korongoni yametulia. Nikaokota jiwe. Pigo langu la kwanza lilikosa.

Niligonga mara tatu.

Hakukuwa na kitu. Mtu akacheka. Nikagonga tena mara tatu, na ndani ya moyo wangu nilimwomba Mungu awalete wale wanyama niliowafundisha kuua.

Majani yalitikisika. Alitoka yule mmoja, wa pili akamfuata, wakapanda mteremko mchana kweupe wakiwa wameinua pua. Hawakumtazama Were. Walikuja moja kwa moja kwenye ndoo niliyoishika mimi, wakasimama hatua nne mbele yangu, wakangoja. Mmoja alikuwa na damu iliyokauka kidevuni.

Watu walirudi nyuma kama maji. Kisha mtu mmoja akarusha panga, na hofu ikageuka. Waliwaua fisi wale wawili mbele yangu kwa mawe na kwa mabomba yaleyale waliyompigia Were. Wa kwanza alikufa upesi. Wa pili alivunjwa miguu ya nyuma, naye akaendelea kujivuta kwa miguu ya mbele, si kulikimbilia korongo bali kuijia ndoo, mpaka akalaza kichwa kwenye kiatu changu. Walimpiga hapo hapo. Mapigo mawili yaliushukia mguu wangu.

Walipochoka, hakuna aliyemtazama tena Were. Wote walinitazama mimi.

"Kwa nini, Daktari?" Kibe akaniuliza. Hakupaza sauti.

Ningeweza kusema kwamba nilidanganywa na wageni. Mtu mmoja nyuma yake alinipa hata maneno: "Sema ni wazungu, Mzee!"

"Waliniahidi kwamba Ciru atakwenda ng'ambo pamoja nao," nikasema. "Nilijua ni makosa. Nilitia sahihi."

"Uliuza mkono wa Virginia upate safari."

"Ndiyo."

"Na leo asubuhi? Tulipompanua yule fisi meno, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Kibe aliniongoza mpaka kwenye gogo. Hakunisukuma, na mimi sikungoja kusukumwa. "Ulitia sahihi kwa mkono gani?" akauliza. Nikaulaza mkono wa kulia juu ya gogo, mahali palipochimbika kwa miaka ya mashoka. Nilimsikia Ciru akiliita jina langu. Kibe aliinua shoka. Nililiona likipanda, na nikaliona likigeuzwa mkononi mwake, makali yakatazama juu. Alipiga kwa kisogo cha shoka. Alipiga mara moja kwenye vidole, na mara ya pili kwenye kifundo, kisha akalitupa shoka, akaketi chini katika maziwa yaliyomwagika, akalia kwa sauti ambayo sitaki kuieleza.

Polisi walifika saa sita.

Baadaye, hospitalini, waliniuliza nani aliyenivunja mkono. Wazee wenzangu wa kanisa walikuwa wamekwisha kunijia wodini wakinisihi niseme nilianguka, kwa kuwa Kibe ana watoto watatu na mke asiye na mkono. Niliwaambia polisi kwanza habari ya shimo, ya ufunguo na ya sahihi, nikataka iandikwe juu kabisa. Kisha nikawaambia kwamba aliyenivunja mkono ni Kibe. Tutasimama mahakamani, yeye na mimi, kila mtu kwa kosa lake. Wako wasionisalimu sasa kwa ajili ya hilo. Na wasinisalimu.

Bwana Holm aliondoka na wanafunzi wake Jumatano. Signe alikataa kupanda gari mpaka alipoandika maelezo yake kituoni, taya limefungwa bendeji, akionyesha majibu yake katika daftari ambamo kila ndoo ilikuwa imeandikwa kwa siku na saa. Wiki mbili baadaye Ciru alipokea ujumbe kwamba msafara wa Norwe umejaa. Alinisomea mezani, kwa sauti ileile isiyotetemeka. Alipomaliza alisema, "Guka, ungeniuliza." Kila Jumamosi huenda kwa Virginia kumwosha nywele.

Were yu hai. Jicho limepotea, na sikio halisikii. Nilikwenda kwake mara mbili. Mara zote mbili alinipisha kiti, akaniita Mzee, na hakunishutumu hata kwa neno moja. Jambo hilo nimelibeba vibaya kuliko mkono.

Selpher ndiye aliyekuja kwangu. Ilikuwa Jumapili, baada ya ibada, nami nilikuwa nimekaa barazani nikijifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Hakuniamkia. Alikuwa amebeba ile ndoo ya bluu, imeoshwa kwa sabuni na jivu mpaka inang'aa, na ndani yake mlikuwa na leso iliyofungwa ncha.

"Ufunguo wako," akasema. "Na chombo chako."

"Mama, karibu uketi."

"Mimi siketi." Aliiweka ndoo chini mbele ya miguu yangu, akaisogeza kwa kidole cha mguu ikae sawa. "Were amenituma nikwambie amekusamehe. Nimesema. Hayo ni yake, si yangu."

Aligeuka akaenda zake, na lango aliliacha wazi.